Shangazi Ameacha Mateke

Pale Kwemtindi, kijiji kilichokaa ubavuni mwa mlima kwenye njia ya kupandia Shume, ukimtaja Jenoveva tu watu walikuuliza ni yupi, maana akina Jenoveva walikuwa wengi. Lakini ukisema "Jenoveva wa Shangazi," hakuna aliyeuliza. Wengine walicheka, wengine waliinama wakajipapasa ugoko, kila mtu kwa kadiri ya kumbukumbu zake.

Shangazi alikuwa ng'ombe. Alikuwa mweusi, mdogo wa umbo kama walivyo ng'ombe wa milimani, na kwenye paji la uso alikuwa na doa jeupe lililokaa upande kama kofia ya mlevi. Jina lake lilikuwa la urithi. Jenoveva alifiwa na mama yake akiwa bado ananyonya, akalelewa na dada wa baba yake, mwanamke mrefu, mkali, asiyependa kuguswa wala kusifiwa. Mwanamke huyo alipofariki alimwachia Jenoveva ndama mmoja jike. Ndama alipokua akaanza kumpiga teke kila aliyemkaribia kwa nyuma, na waliokuja kupiga soga wakasema yule bibi hakufa, amebadilisha ngozi tu. Jina likashika.

Mateke yake hayakubagua. Alimpiga katekista siku ya kubariki mifugo. Alimpiga bwana mmoja wa Lushoto mjini aliyekuja kununua maziwa, na kopo la yule bwana likabiringika mpaka kijitoni. Na alimpiga Silvano, mume wa Jenoveva, mara nyingi kuliko wote, kwa sababu nyumba ilikuwa moja: watu upande huu, ng'ombe upande ule, moto katikati, na moshi wa wote. Hivyo ndivyo Washambaa walivyoishi na mifugo yao tangu enzi. Silvano alipasua mbao kwenye kiwanda cha Shume, akirudi Jumamosi, na kila Jumamosi aliingia nyumbani mwake kwa kuambaa ukuta kama mwizi.

"Nimeoa nyumba yenye wanawake wawili," alizoea kusema. "Na mwenye pembe ndiye mwenye nyumba."

Jenoveva peke yake ndiye aliyeruhusiwa. Alfajiri alikuja na kibuyu chake, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu ule wenye joto, akasema taratibu, "Onga maundo, Shangazi," salamu ya asubuhi ya Kishambaa kama anavyopewa mtu mzima yeyote. Shangazi alishusha pumzi ndefu, na maziwa yakashuka pamoja na pumzi. Ndivyo siku zao zilivyoanza, miaka nenda miaka rudi. Jenoveva alikuwa mfupi, mwenye viganja vipana na sauti ya chini. Alilima maharage na viazi. Mabinti zake wawili walikuwa wameolewa salama. Alicheka kwa mabega, bila kutoa sauti. Kama ungemwuliza anataka nini zaidi hapa duniani, angefikiri sana, kisha angekuomba umwongezee mvua kidogo.

Ikaja miaka ya vijiji vya ujamaa. Watu waliokuwa wametawanyika kwenye migongo ya vilima, nyumba hapa na nyumba kule, wakasogezwa pamoja kando ya barabara, karibu na shule. Nyumba mpya zilikuwa nzuri, zimenyooka kwa mstari, lakini zilikuwa ndogo, hazina upande wa ng'ombe. Halmashauri ya kijiji ikaamua ng'ombe wote wakae kwenye banda moja la mbao lililoezekwa mabati, wahudumiwe kwa zamu, na maziwa yao wanywe watoto wa shule. Jenoveva alinyosha mkono kukubali, na hakuunyosha kwa woga. Alilipenda wazo lile. Shule ilikuwa na watoto wengi wenye shingo nyembamba.

Ng'ombe hawakuulizwa, wala hawakunyosha mkono.

Kwanza walipiga kelele. Baadaye wakanyamaza, na kunyamaza kwao kukawa kubaya zaidi. Bandani hapakuwa na moto wala sauti za watu wakisimuliana mambo ya siku. Mvua ilipopiga mabati ilinguruma kama inawasema. Wakageuza nyuso ukutani, kumi na wawili wote, masikio yameanguka. Majani ya guatemala yaliyokatwa asubuhi yalikutwa jioni yamelala vilevile, yamenyauka. Hawakucheua. Maziwa yakapungua, kisha kwa wengi yakakatika. Walipewa dawa ya minyoo, wakapimwa homa, wakatazamwa kupe. Hawakuwa na kitu.

Mtu wa kwanza kumwambia Jenoveva habari ya Shangazi alikuwa jirani yake Zainabu, mkulima wa kabichi, mwanamke mwenye ulimi uliozoea soko.

"Jenoveva, hongera!" Zainabu alisema akitua mzigo wa majani. "Shangazi yako ameokoka. Nimepita nyuma yake mara mbili leo, ameninyamazia kama mkwe."

"Umepita nyuma yake?"

"Nyuma kabisa. Nikamgusa na mkia. Ameacha mateke, mwenzangu. Ujamaa umemfunza adabu."

Jenoveva hakucheka. Aliingia bandani, akasimama nyuma ya Shangazi mahali ambapo hata yeye hakuwa na kawaida ya kusimama. Akangoja. Shangazi hakugeuza hata sikio. Akamsukuma kidogo kwenye paja, kama anayegonga mlango huku akijua mwenyewe yumo ndani. Hakuna aliyeitika. Siku hiyo Jenoveva alirudi nyumbani akaketi, na jua lilipozama alikuwa bado hajawasha moto.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Rubeni, alikuwa mtu wa haki na wa haraka. Kwenye mkutano alisema kijiji hakiwezi kukata majani kila siku kwa ajili ya ng'ombe wasioyala. Darasa jipya lilikuwa karibu kuezekwa na wajenzi wangehitaji kitoweo. Basi ng'ombe asiyetoa maziwa mpaka siku ya kuezeka, achinjwe. Watu wakakubali. Hakuna aliyetaja jina, lakini macho ya wengi yalimwendea Jenoveva na kurudi chini. Shangazi alikuwa mzee kuliko ng'ombe wote na mkavu kuliko wote.

Ndipo alipokuja Hassani.

Hassani Singano alikuwa mzaliwa wa Mlalo, bwana mifugo aliyetoka masomoni Uchina, mtu wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye pikipiki iliyokohoa kila kona ya mlima. Alimkuta Jenoveva akifagia banda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuwachanja?"

"Hapana, mama. Nimekuja kuwatazama kwanza."

Akawatazama asubuhi nzima. Hakufanya lolote, alitembea tu kutoka kwa mmoja hadi mwingine, akichuchumaa mbele ya nyuso zao. Mwisho alisema, "Ng'ombe hawa hawana ugonjwa. Wana huzuni."

Watu waliokuwa mlangoni waliangua kicheko. Jenoveva aliacha kufagia. Wiki nyingi alikuwa akilitafuta neno lile, na aliona haya kulitumia kwa mnyama.

Hassani akafungua kopo lake. Ndani mlikuwa na sindano nene, ndefu kama za kushonea magunia, zimelala kwenye kitambaa safi.

"Dawa yake iko wapi?" Zainabu aliuliza akichungulia.

"Hazina dawa."

"Sindano isiyo na dawa? Basi hiyo si sindano, Bwana Mifugo. Huo ni mwiba wa serikali."

Hassani alicheka pamoja nao, kisha akaeleza. Huko Uchina alifundishwa na mzee mmoja aliyetibu nyumbu wa kubeba mawe, wale wanaozaliwa na punda na farasi. Nyumbu waliofanyishwa kazi mpaka roho zikanywea, wakasimama tu, hawali, hawastuki. Yule mzee aliwachoma sindano mahali panapojulikana tangu mababu zake: katikati ya masikio, kwenye mstari wa mgongo, juu kidogo ya mkia, na nyuma ya mguu. Hassani aliona kwa macho yake nyumbu akirudi kula.

"Lakini kuona si sawa na kujua," alisema. "Labda nyumbu yule angekula tu hata bila sindano. Ndiyo maana nimeomba ruhusa ya kujaribu hapa."

Jaribio lenyewe lilikuwa hivi. Nusu ya ng'ombe wangechomwa sindano. Nusu nyingine wangetolewa nje vilevile, wafungwe, wasimame kwa muda uleule, wapapaswe, warudishwe. Wote wangepimiwa majani waliyokula na maziwa waliyotoa. Kisha wangelinganishwa.

"Na nani atachagua?" Mzee Rubeni aliuliza.

"Bahati."

Wakaleta kibuyu chenye maharage mekundu na meupe. Watu wakasema Jenoveva ndiye apige kura hiyo kwa niaba ya wote, maana mkono wake haukuwahi kuonewa shaka. Mwekundu ni sindano, mweupe ni kungoja. Alitumbukiza mkono, akataja jina la ng'ombe, akafungua kiganja, jina baada ya jina. Alipofika kwa Shangazi, vidole vyake vilikaa kibuyuni kidogo. Kiganja kilipofunguka, haragwe lilikuwa jeupe.

"Sawa," alisema.

Wakafungwa vitambaa shingoni ili Hassani asiwachanganye, sita vyekundu, sita vyeupe. Jenoveva akapewa kazi ya kuwatoa na kuwashika.

Kila mara pikipiki iliposikika ikikohoa kule bondeni, yeye alikuwa ameshachemsha maji ya kusafishia sindano. Ikawa kazi aliyoipenda. Alimshika ng'ombe kichwa, akanong'ona naye, huku Hassani akitafuta mahali kwa ncha ya kidole, akipapasa kama kipofu anayesoma uso. Sindano iliingia, ng'ombe akatikisa ngozi, akatulia, na wakati mwingine kope zikashuka. Vyekundu vikiisha, aliwatoa weupe, wakasimama bure kwenye jua la asubuhi. Shangazi alisimama bure. Alisimama kama kigogo kilichoachwa na mafundi.

Wa kwanza kurudi kula alikuwa ng'ombe wa Mzee Rubeni, mwenye kitambaa chekundu. Habari ikazunguka kijiji kabla majani aliyokuwa anatafuna hayajafika tumboni.

"Mwenyekiti ndiye wa kwanza kupona!" Zainabu alisema kisimani. "Kumbe sindano nazo zinauliza kadi ya chama."

"Ni maharage tu, Zainabu," Jenoveva alisema. "Nilichagua mimi mwenyewe. Wangu naye ni mweupe kama wako."

"Ndiyo maana nakushangaa. Mkono ulikuwa wako, kibuyu kilikuwa mbele yako, ukajinyima mwenyewe. Wewe Jenoveva, ungekuwa mpishi ungekufa njaa."

Maneno yale yaliingia yakakaa. Siku ya kuezeka darasa ilikuwa inasogea. Mbao zilikwisha kushushwa kutoka Shume, Silvano mwenyewe alikuwa amezipasua, na zilinukia uwanja mzima wa shule. Jioni moja, zamu yake ya kupeleka majani, Jenoveva alijikuta amesimama mbele ya Shangazi akifungua kilemba chake. Kilikuwa chekundu. Alikifunga shingoni mwa ng'ombe, juu ya kile cheupe, akarudi nyuma hatua chache kutazama. Zamani Shangazi angekinyofoa kwa pembe na kukikanyaga. Sasa alikivaa kama ukuta unavyovaa msumari.

Jenoveva alikaa pale mpaka giza likaanza kuingia. Nani angejua? Hassani angechoma tu, hakuwajua ng'ombe kwa sura. Lakini alikumbuka kiganja chake kikifunguka mbele ya watu wote, na lile neno "sawa" alilolitoa kwa kinywa chake. Aliyemlea alikuwa mkali kwa mengi, ila kwa moja alikuwa mkali kuliko yote: kipimo cha maharage sokoni kilikuwa kipimo, kwa jirani na kwa mgeni. Akakifungua kilemba, akajifunga tena kichwani. "Tungoje, Shangazi," alisema. Akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata Hassani alipofika alimkuta Jenoveva mlangoni mwa banda, mikono kiunoni.

"Shikamoo, mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Ingia uone."

Akaingia. Ng'ombe walikuwa wamevaa vyekundu. Vilikuwa vyekundu vya kila namna: kipande cha kanga, utepe wa kwaya, pindo la gauni la mtoto, kamba ya soksi iliyochovywa rangi. Kumi na mmoja walikuwa wekundu, na mwisho kabisa, pembeni, Shangazi akiwa na kitambaa chake cheupe, kichafu, peke yake kama mgeni harusini.

Hassani aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akaitisha watu. Walikuja wote, wakajipanga nje ya banda wakitazama vidole vya miguu.

"Nani amefanya hivi?"

Watu wakasukumana kwa viwiko.

"Mimi nimefunga kimoja tu," Zainabu alisema mwishowe. "Cha wangu."

"Na mimi kimoja," akasema mwingine.

"Aa, hata mimi kimoja tu!"

Wakatazamana. Kumbe kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele, na Hassani akainamisha kichwa ili asiambukizwe.

"Ndugu zangu, mmeniharibia kazi," alisema. "Kanuni ya jaribio ni nusu wachomwe, nusu wangoje."

Mzee Rubeni akakohoa. "Bwana Mifugo, usituone wabaya. Sisi hapa tumefundishwa kugawana. Sukari ikifika nusu gunia, kila nyumba inapata, hata kama ni kijiko. Shamba la kijiji, kila mtu tuta lake. Wewe umeleta tiba, ukawapa sita ukawanyima sita. Unadhani watu wangelala?"

"Sikuwanyima, mzee. Nilihitaji wa kulinganisha."

"Kwa masikio ya mwenye ng'ombe, ni kunyimwa."

Hassani hakuwa amekosea, wala Mzee Rubeni hakuwa amekosea. Wakabaki hivyo, kila mmoja na haki yake mkononi. Ndipo Jenoveva, ambaye kwenye mikutano hakuzoea kufanya zaidi ya kunyosha mkono, akasogea mbele.

"Jana jioni nilimfunga Shangazi kilemba hiki," alisema akikigusa. "Nikakifungua. Sikukifungua kwa kuwa mimi ni mwema kuliko ninyi. Nilitaka kujua. Vuli imeanza, majani yamelainika, baridi imepungua. Tukiwachoma wote, na wote wakala, tutaimba sindano, sindano. Mwakani wakinuna tena, na huyu kijana wetu amehamishiwa Muheza, tutakuwa tunajua nini?"

"Hatutajua kitu," alisema mtu mmoja.

"Basi wangu na angoje. Ila nina sharti, Mzee Rubeni."

"Sema, mama."

"Umepanga kuwachinja wasio na maziwa siku ya kuezeka. Hawa weupe tunawaambia wangoje dawa. Huwezi kumwambia mtu asimame kwenye foleni, halafu ukamchinjia humo humo kwenye foleni. Kama kungoja kwao ni kazi ya kijiji, basi kijiji kiwangoje nao. Wasiguswe mpaka nao wapate zamu yao ya sindano, mpaka mwisho wake."

Mzee Rubeni alikuna kidevu. Alitazama darasa lisilo na paa, akawatazama wajenzi waliokuwa wakisikiliza kwa makini sana.

"Wajenzi watakula nini?"

"Maharage," alisema Zainabu. "Meupe na mekundu. Tunayo kibuyu kizima."

Na ikawa hivyo. Vitambaa vikafungwa upya, Jenoveva akiwataja mmoja mmoja kama walivyotoka kibuyuni, na hakuna aliyebisha. Darasa likaezekwa kwa maharage. Wajenzi walinung'unika kuanzia nguzo ya kwanza hadi bati la mwisho, lakini paa halikuvuja.

Jaribio lilipokwisha, Hassani aliwaita akawaeleza bila kuongeza chumvi. Wengi wa wale wekundu walikuwa wamerudi kula na kucheua, na maziwa yameanza kushuka. Kati ya weupe, wawili walipata nafuu wenyewe, waliobaki wakasuasua. "Si muujiza," alisema. "Lakini si bure. Ningependa kuwajaribu ng'ombe wengi zaidi, mahali pengi zaidi, kabla sijasema neno kubwa." Watu walimpenda kwa sababu hiyo. Walikuwa wamezoea wageni wanaokuja na neno kubwa kwanza.

Sasa ikawa zamu ya weupe. Ng'ombe wa Zainabu alianza kula upesi, na Zainabu akatangaza kwamba amekuwa akiiamini miiba ya serikali tangu mwanzo. Wengine wakafuata, huyu leo, yule baadaye. Shangazi alichomwa kama wao. Alisimama. Sindano ziliingia zikatoka, na yeye alisimama tu, macho yake yakitazama mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Ikafika asubuhi ya mwisho ya zamu yake. Mzee Rubeni alikuja akasimama pembeni, kofia mkononi. Hakuja kwa ubaya. Alikuja kwa sababu alikuwa ametoa neno, na neno lilikuwa linafika mwisho.

"Mama Jenoveva," alisema kwa upole, "tumengoja."

"Mmengoja, mzee. Nashukuru."

Alimshika Shangazi kichwa kama siku zote. Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni, na barabara ya Shume ilionekana kipande, ikapotea, ikaonekana. Hassani akachoma katikati ya masikio. Akachoma kwenye mgongo, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akachoma juu ya mkia. Jenoveva alihisi kitu kidogo sana kwenye kiganja chake: sikio la Shangazi limegeuka. Lilikuwa limeelekea nyuma, kwa Hassani.

Alitaka kusema, lakini hakuwahi.

Hassani alikuwa ameinama kutafuta mahali pa mwisho, nyuma ya mguu, kopo la sindano kwenye mkono wa kushoto. Teke lilikuja bila taarifa, safi, la shule ya zamani. Kopo liliruka juu, likameta, likamwaga sindano majanini kama mtu anayepanda ulezi. Hassani akaketi kwenye tope, miguu mbele, uso umejaa mshangao.

Kisha Jenoveva akacheka. Hakucheka kwa mabega, alicheka kwa sauti. Kijiji kizima hakikuwahi kuisikia sauti ile, na wengine waligeuka kutafuta ni nani.

"Onga maundo!" alisema, ameukumbatia ule uso mweusi wenye kofia ya mlevi. "Onga maundo, Shangazi! Umerudi!"

Shangazi akamsukuma kwa pembe amwachie.

"Umeumia, Bwana Mifugo?" Mzee Rubeni aliuliza, ingawa alikuwa amerudi nyuma hatua kadhaa.

"Hapana, mzee." Hassani alikuwa akijipapasa ugoko, na kwa kujipapasa huko akawa mtu wa Kwemtindi. "Lakini, mama, teke halimo kwenye vipimo vyangu. Nina kula, kucheua na maziwa tu."

"Liongeze," Jenoveva alisema. "Liwe la kwanza."

"Na apime kopo limeruka umbali gani," akasema Zainabu. "Wachina wapate habari kamili."

Wakaanza kuzitafuta sindano majanini, wazee kwa vijana, wakiinua miguu kwa tahadhari na kutaniana kwamba atakayeikanyaga atapona huzuni. Mchana Shangazi alikuwa amelala chini kwa mara ya kwanza tangu aingie banda lile, na taya yake ilikuwa inakwenda, taratibu, upande huu na upande ule. Alikuwa anacheua. Jenoveva aliketi karibu naye akisikiliza ile sauti ya majani yakirudiwa. Maziwa yalikuja baadaye, kidogo, kikombe cha mtoto mmoja, na mtoto mmoja akanywa.

Je, ni sindano? Hassani alipoulizwa alitikisa kichwa. "Huenda zimemponya, huenda zimemkasirisha. Kwa Shangazi nadhani yote mawili ni kitu kimoja." Alipopata ruhusa ya kujaribu kwenye vijiji vingine vya mlimani, alimwomba Jenoveva aende naye awe mshika ng'ombe, na kwa miaka kadhaa watu wa njia ile walimwona mara kwa mara nyuma ya pikipiki, kilemba chekundu kimekazwa, kopo la sindano limepakatwa mapajani kama mayai.

Lakini hayo yalikuwa bado mbele. Jumamosi ile Silvano aliteremka kutoka Shume, vumbi la mbao kwenye nyusi, na habari zilimpokea kabla hajafika mtoni. Hakwenda nyumbani kwanza. Alikwenda bandani na mzigo wa majani mabichi begani. Jenoveva, aliyekuwa anakamua, alimsikia akisita mlangoni. Shangazi akageuza sikio.

Silvano akaegemea ukuta. Akaingia kwa kuuambaa, polepole, mgongo kwenye mbao, akitabasamu mpaka mwisho wa banda.